Chakachua Maabara, Usiguse Namba

Unasomea sayansi nyumbani, Dodoma, na mwalimu wako anaishi ndani ya simu. Bando likiisha anapotea katikati ya sentensi. Ukijiunga tena unamkuta ameshika chupa ya kioo ambayo hujawahi kuigusa, anamimina hiki kwenye kile, kisha anauliza mmeona nini. Huenda ulihamia na wazazi waliofuata wizara zao Serikali ilipohamia makao makuu. Huenda wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea. Huenda ulijifungua, ukajiunga na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ili usome huku unalea. Vyovyote vile, maabara huna, na lile sanduku la vifaa ambalo kijana wa Marekani anayesomea nyumbani huletewa mlangoni halitafika Chang'ombe wala Nkuhungu leo.

Sogea basi, mdogo wangu, nikuonyeshe njia za mkato. Nitakufundisha kuchakachua, kisha nitakufundisha kushindwa kwa heshima. Sharti langu ni moja: vifaa chakachua utakavyo, namba usiziguse. Sababu utaiona kwenye sufuria ya maji.

1. Vaa kwanza

Unalitaka koti jeupe, usione haya kusema. Chukua shati la zamani la baba, jeupe, la mikono mirefu, linalokufika magotini. Ongeza miwani ya plastiki ya mafundi wa kukata vyuma. Duka lolote la vifaa vya ujenzi wanayo. Piga picha, weka status. Shangazi wa Kondoa akishakuita daktari, utaona aibu kuliacha jaribio njiani, na aibu hiyo ndiyo tunayoitafuta. Shati na miwani vitakukinga kwelikweli, kwa hiyo ukimaliza kupiga picha usivivue.

2. Vamia jiko

Omba ruhusa kwa mama, halafu ingia. Karibu kila kitu unachohitaji kwa asidi na besi kinauzwa Soko la Majengo: ubuyu, ndimu, magadi, choya. Loweka choya kwenye maji ya moto upate rangi nyekundu. Hicho ndicho kiashiria chako. Gawanya kwenye vikombe viwili vyeupe. Cha kwanza tia maji ya ubuyu: wekundu unabaki, tena unakolea. Cha pili tia maji ya magadi, tone kwa tone, na usipepese macho, kwa sababu wekundu utapita kwenye zambarau kabla haujageuka kijani. Kama ni msimu wa zabibu, maganda ya zabibu nyeusi yanafanya kazi hiyohiyo.

Sasa mimina maji ya ubuyu juu ya magadi. Yatatoa povu kwa fujo. Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, na hupaswi kuniamini hivihivi. Chukua kijiko cha chokaa ya kupaka ukuta, koroga kwenye lita moja ya maji, acha ilale usiku kucha, kisha chota maji safi ya juu bila kutibua. Pulizia pumzi yako humo kwa mrija, taratibu, miwani machoni. Maji yatageuka kama maziwa. Fanya hivyo tena kwa gesi ya magadi uone kama matokeo ni yaleyale. Puliza tu, usivute, chokaa si ya kunywa.

Kwa kupimia, nenda duka la dawa ununue mabomba ya sindano ya mililita 5 na 10, bila sindano zake. Hayo ni bureti na pipeti kwa bei ya soda. Mizani nayo ipo: ning'iniza rula katikati kwa uzi, kila ncha ifunge kifuniko cha chupa, na upande mmoja ongeza maji kwa bomba. Mililita moja ya maji ina gramu moja, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo mawe yako ya mizani.

Kuna mambo matatu nakukataza, na hapa sina mzaha hata kidogo. Maji ya betri ya gari usiyaguse. Jiki usiichanganye na ndimu wala na dawa ya choo, kwa sababu inatoa gesi ya klorini ambayo huunguza mapafu. Na unapotafuta wanga kwenye jani, spiriti usiipashe juu ya moto: zima jiko, weka kikombe cha spiriti na jani ndani ya bakuli la maji ya moto, subiri jani lipauke, ndipo udondoshee iodini ya kupaka vidonda.

3. Maji ya kisima na maji ya mvua

Jaribio hili ni la kwenu. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, na kila anayefua anajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Mvua yenu ni kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, basi kinga ndoo mapema uiweke. Kwangua sabuni ya mche, yeyusha kwenye maji ya mvua. Weka mililita 10 za maji ya kisima kwenye chupa ndogo, ongeza maji ya sabuni nusu mililita kwa nusu mililita, tikisa kila mara, mpaka povu likae dakika nzima. Andika umetumia kiasi gani. Rudia kwa maji ya mvua, halafu kwa maji ya kisima yaliyochemshwa na kupoa. Kama yaliyochemshwa yanahitaji sabuni pungufu, sehemu ya ugumu ilikuwa ya muda na imebaki ukutani mwa birika, ule ukoko mweupe unaoujua. Hakuna mwalimu wa mtandaoni, awe Nairobi au London, atakayekupa majibu ya maji ya nyumbani kwenu. Utakuwa mtu pekee darasani anayeyajua. Jisikie vizuri.

4. Namba

Hapa ndipo wanaoangalizia wanapoumbuka. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kitabu hakijakosea. Kinazungumzia usawa wa bahari. Dodoma ipo karibu mita 1,120 juu yake. Hewa inayokandamiza sufuria yenu ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiandika 100 kwa sababu rafiki yako wa Kigamboni ameandika 100, mwalimu anayejua unaishi wapi ameshakushika.

Fanya hivi. Azima kipimajoto kinachofika nyuzi 110. Cha homa kiache kabatini, kinaishia 42 na kitaharibika. Ulichoazima kitumbukize kwanza kwenye barafu iliyopondwa inayoyeyuka. Kikisoma 1 badala ya 0, utapunguza 1 kwenye kila kipimo. Halafu chemsha maji, kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, subiri mpaka namba itulie. Ukipata 96.5, andika 96.5. Ukipata 95, andika 95. Namba hiyo imebeba mlima mzima wa nyanda za kati ndani yake.

Jua nalo lina ushahidi wake. Chomeka jiti lililonyooka wima uani tarehe 5 Machi au tarehe 8 Oktoba, au siku za jirani. Dodoma ipo nyuzi 6 na kidogo kusini ya Ikweta, na siku hizo jua hupita juu ya utosi wenu. Kivuli cha jiti hujificha chini yake. Mvivu ataandika kuwa kilipotea saa 6:00 mchana kamili. Machi utakiona kikipotea karibu saa 6:48, Oktoba karibu saa 6:25. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya 45 mashariki, nanyi mpo karibu ya 36, na kila nyuzi moja ni dakika nne za kuchelewa. Tofauti inayobaki inatokana na namna dunia inavyolizunguka jua. Dakika 48 hizo hakuna anayeweza kuzipika bila kukaa juani.

5. Shindwa kwa heshima

Utashindwa, kwa hiyo jifunze kushindwa vizuri. Tuseme umefunga jiwe kwenye uzi wa mita moja, umelining'iniza kwenye kenchi, umelibembeza mara 20. Saa ya simu imesoma sekunde 41. Umekokotoa mchapuko wa uvutano ukapata 9.4. Kitabu kinasema 9.8. Mkono unawasha, unatamani kugeuza 41 kuwa 40.

Tulia. Usifute. Chukua rula upime upya, safari hii kuanzia kwenye kenchi mpaka katikati ya jiwe. Ulikuwa umepima mpaka kwenye fundo, sivyo? Kutoka kwenye fundo mpaka moyo wa jiwe kuna sentimita 4. Weka mita 1.04 kwenye hesabu ileile, na sekunde zilezile 41: inakuja 9.77. Sasa andika ripoti yako na majibu yote mawili yakiwemo, la kwanza kisha sahihisho lake, bila kuficha kitu. Mwalimu mzuri atakupenda kuliko aliyeleta 9.8 safi, kwa sababu umemwonyesha unajua namba hutoka wapi. Na ndiyo majivuno matamu kuliko yote: kujisahihisha mbele za watu kabla hawajakusahihisha.

Jaribio likikataa kabisa, andika ulichofanya, ulichokiona, na jambo moja unalolishuku ambalo unaweza kulipima kesho. Maneno "makosa ya kibinadamu" usiyatumie. Hayasemi ni binadamu gani wala alifanya nini.

6. Za mkato zinazofaa kweli

Maigizo ya majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia, ni ya bure. Mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mengi hupakuliwa yakafanya kazi bila intaneti. Pakua usiku bando likiwa rahisi. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Shule Direct wana masomo ya sekondari tangu mwaka 2013. Ukitaka miamba, Taasisi ya Jiolojia ina makao na makumbusho yake hapohapo Dodoma. Nenda uyashike mawe.

Unayefuata mtaala wa Cambridge umeambiwa ipo Karatasi ya 6, inayochukua nafasi ya mtihani wa vitendo, na umefurahi. Furahi kwa kiasi. Inakupa picha ya kipimajoto ukisome, inakutaka uonyeshe udhaifu wa jaribio la mtu mwingine, inakutaka upange la kwako. Asiyewahi kumwaga maji mezani haiwezi. Wa NECTA, kiulize kituo chako mapema, kabla ya kujisajili, mtafanyaje upande wa vitendo. Wanaouliza wiki ya mtihani ndio wanaolia.

Mzazi, nawe nina neno lako fupi. Usimfanyie. Shika simu umpige picha, na sufuria ikiungua, usigombe.

7. Mkato uliomweka Mtanzania vitabuni

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kusubiri yapoe, ndipo uyaweke kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ya kugombaniwa. Mwenzake alikwepa kuchemsha ili awahi. Mpemba naye akakwepa kusubiri: akaingiza maziwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Njia ya mkato alipita. Alichokataa ni kujifanya hakuona alichokiona. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kwa nini cha moto huwahi kuganda kuliko cha baridi, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walilichapisha kwenye jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia inaita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana: wengine wanalipata, wengine wamepima kwa uangalifu mkubwa wasilipate. Maana yake kazi haijaisha, na unaweza kuingia.

Mfuate mama anayeuza barafu za ukwaju mtaani kwenu, muombe nafasi ya vikombe viwili kwenye friza yake, na umlipe bei ya barafu atakazokosa kugandisha. Vikombe viwe vya aina moja, maji ujazo mmoja kwa bomba, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 80. Amua kabla ya kuanza utaita "kuganda" kitu gani: utando wa kwanza juu, au kikombe kizima kuwa kigumu, maana ugomvi mwingi umeanzia hapo. Kesho rudia, vikombe vikibadilishana nafasi, kwa sababu kona moja ya friza huwa na baridi kuliko nyingine. Kama baridi imewahi, andika baridi imewahi.