Mtaalamu wa Jasho la Wengine

"Ndugu zangu, ninyi ni wavivu!" Ndivyo alivyofungua mhadhara wake, mbele ya wanachama wa klabu ya jogging waliokuwa wametoka kuizunguka Temeke nzima na sasa wanasubiri supu. Mwenyewe alikuwa amekuja kwa bajaji.

Cheo amejipa: Mtaalamu Mbobezi wa Afya, Viungo na Mambo Yanayofanana na Hayo. Hakuna chuo kinachomdai ada, wala yeye hakidai chuo chochote cheti.

Hoja yake kuu ilikuwa nzito kama tumbo lililomtangulia jukwaani: asiyefanya mazoezi hana nia. Basi. "Nia!" akarudia, akipiga meza hadi chupa ya pilipili ikalala.

Ushahidi akautoa London. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kutwa nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Basi ni moja na njia ni moja, lakini ugonjwa wa moyo uliwaandama zaidi madereva. Morris hakuridhika, akaenda kupekua vipimo vya sare. Suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, hata za vijana, ikabidi ajiulize: au wanene ndio wanaokimbilia usukani? Hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba hata viuno vikilingana, konda bado alikuwa na nafuu.

"Mnaona?" akang'aka Mtaalamu. "Konda alikuwa na nia!"

Konda wa watu alikuwa na nia ya mshahara tu. Zile ngazi zilikuwa ndani ya ajira. Angezikwepa, kazi hana. Mfano ulikuwa unaubomoa mhadhara mbele ya macho ya wote, ila mhadhiri alishahamia Uganda.

Huko, alisema, watu wana nidhamu. Takwimu anazo, tusimwonee. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lililinganisha nchi 168: Uganda, watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha walikuwa asilimia 5.5 tu, na Kuwait asilimia 67. Tanzania nayo ilikuwa karibu na Uganda, sifa ambayo Mtaalamu aliipokea kwa kuinamisha kichwa, kana kwamba ndiye aliyeishauri. Kilichomponyoka ni kwamba hesabu hizo zinajumlisha kulima, kazi za nyumbani na kutembea kwenda kazini. Mkulima anaingia humo na jembe lake, raba hana, na siku akipata pikipiki na kazi ya kukaa dukani, anatoka.

Mama muuza supu, aliyeamka saa kumi alfajiri kuchota maji na kukatakata kongoro, akanyoosha mwiko. "Dokta, hizo dakika za mazoezi za kila wiki, mimi nazimaliza lini?" Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Kwa ndoo zile, Jumanne haimkuti na deni.

"Kubeba ndoo si mazoezi, mama yangu," akajibiwa. "Mazoezi yana tisheti."

Binti wa kidato cha tatu naye akaamkia, akasema jioni kaka yake huwa uwanjani, yeye yuko na vyombo. Mtaalamu akamfariji: mwili wa mwanamke haukuumbiwa mbio ndefu. Katika hilo hayuko peke yake. Baada ya michezo ya Amsterdam ya 1928, wakubwa wa Olimpiki waliwanyima wanawake mita 800 hadi 1960, na marathoni hawakuionja hadi 1984.

"Na Magdalena Shauri?" binti akauliza. "Marathoni ya Berlin 2023, wa tatu, saa 2:18:41?"

Mtaalamu akaomba maji ya kunywa.

Alipotulia, mzee mmoja wa nyuma akataka kujua jambo dogo. Uwanja aliochezea utotoni sasa umejaa fremu za maduka. Je, nia yake aipeleke wapi?

Hapo Mtaalamu akang'amua kuwa suala ni mtambuka. Iundwe Kamati ya Kupambana na Kukaa Kitako. Wajumbe waketi kila Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, viti viwe vya sponji, na posho ya kikao ilipwe papo hapo. Uenyekiti alikuwa tayari kujitolea.