Zimwi la Helmeti

Mwaka 1953 Mmarekani Phil Tucker alitengeneza filamu ya Robot Monster, kwa siku 4 na dola kama 16,000. Zimwi kutoka anga za mbali limewamaliza binadamu wote isipokuwa 8. Makao yake makuu? Pango lenye mashine ya kupuliza mapovu ya sabuni. Hela za kutengeneza roboti hazikuwepo, basi likavishwa manyoya ya sokwe na helmeti ya mpiga mbizi. Lisimamishe stendi ya bodaboda Ruiru asubuhi ya baridi ya Julai, utaliuliza: "Hadi Membley ni ngapi, boss?"

Wamarekani wenyewe wameicheka filamu hiyo hadi leo. Shida yao, waliitazama na sauti yake ya asili. Katika kibanda cha video Thika, sinema huja na DJ wa kusimulia, kama DJ Afro anavyozipa filamu za Kihindi na Kichina roho mpya. Huyo atalihamishia zimwi Makongeni, atalidai kodi ya miezi mitatu, na hayo mapovu atuambie mke wake anafua. Watu watalipa warudi kesho.

Kwa hiyo, Hollywood, mbovu zenu zileteni huku. Nzuri kaeni nazo.