Sifa za Mengineyo

Katika hesabu za mwaka za klabu ya wanachama, hakuna kifungu kinachotumikia watu kwa unyenyekevu kama kile cha chini kabisa kiitwacho Mengineyo. Vilivyokitangulia ni vya majivuno: stima, maji, leseni ya baa, mafuta ya jenereta, mishahara ya wahudumu. Kila kimoja kinadai risiti yake. Mengineyo hayadai kitu. Hukaa mkiani, yakapokea kilichokosa pa kwenda, na jumla ikatoka sawasawa hadi senti ya mwisho.

Nasema haya nikiwa mwanachama wa miaka mingi wa klabu moja ya hapa Nakuru, na nasema kwa shukrani. Wapo vijana waliosomea uhasibu wanaotaka Mengineyo yafafanuliwe. Nawaheshimu, ila hawajayapima mambo. Ukiyafafanua, utajua ni nani aliyelipiwa hoteli Naivasha wakati kamati ilipokwenda huko kujadili kupunguza gharama. Ukijua, utakasirika, ukikasirika, hutacheza tena snuka na mtu huyo Ijumaa jioni. Klabu ni udugu. Yupo muungwana wa kuuza udugu kwa risiti?

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka wanachama waitwe mkutanoni angalau mara moja kwa mwaka, wapewe hesabu kamili na za kweli za fedha zilizoingia na zilizotoka. Sisi tunaitii kwa namna ya kupendeza. Nakala hugawiwa mlangoni siku hiyohiyo, ili asitokee mtu aliyezisoma mapema akawatangulia wenzake kwa maarifa. Maandishi ni madogo, kwa kuwa karatasi ni ghali. Mweka hazina husoma kwa sauti ya upole, akipita upesi penye uchungu na kukawia penye pongezi, huku moshi wa mbuzi ukiingia dirishani. Anapofika Mengineyo, mbuzi ameiva. Sijaona mpango wenye hekima kama huo. Hoja ya kupitisha hesabu hutolewa, huungwa mkono, na hata yule aliyekuja na kikokotoo hukirudisha mfukoni, maana mbavu hazimngoji mtu.

Lakini utukufu wa Mengineyo hasa umo kwenye chiti. Mwanachama husaini chiti ya raundi ya meza nzima kwa ukarimu unaogusa moyo. Mwezi ukiisha, simu yake haipatikani. Deni hulelewa mwaka wa kwanza, hulelewa wa pili, na likishazeeka kamati huliona limeteseka vya kutosha, ikalizika katika Mengineyo bila kutaja jina la mhusika. Hivyo anayelipa papo hapo humsaidia asiyelipa, na wala hajui kwamba amesaidia. Dini zote zinasifu sadaka ya siri.

Wanung'unikaji husema nakisi inapanda kila mwaka. Inapanda, ndiyo, kama lilivyopanda Ziwa Nakuru tangu miaka ya 2010, likafunika hata lango kuu la hifadhi. Hifadhi ilifanyaje? Ilihamisha lango. Nasi tulipandisha ada.

Tena tukumbuke tulikotoka. Klabu kongwe za bonde hili zilianzishwa na walowezi, na Mwafrika aliziingia kwa mlango wa jikoni akiwa na sinia mkononi. Siri ya fedha ilikuwa ya wachache. Leo mkulima wa Subukia, mwalimu wa Molo na wakili wa Milimani huketi meza moja, na wote watatu hawajui pesa zilikwenda wapi. Usawa huo ulipiganiwa.

Wala tusijifanye wageni wa jambo hili. Kuanzia Lanet hadi Kiamunyi, kila nyumba ina Mengineyo yake. Mshahara uliingia tarehe 30, na kufikia tarehe 10 hauna maelezo. Mama watoto anauliza. Baba watoto anatazama dari. Kesho yake ni zamu ya baba kuuliza kuhusu chama cha akina mama, na mama anatazama sufuria. Ndoa hizo zinadumu.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuviacha vifungu vingine vitaabike peke yake. Mwaka jana Matengenezo ya Bwawa la Kuogelea yalihamishiwa Mengineyo, na ingawa bwawa bado halina maji, hakuna aliyeuliza tena. Stima ihamie huko. Mishahara ihamie, na mbuzi naye. Mwaka ujao hesabu ziwe na mistari miwili tu, Mapato na Mengineyo, zitoshe upande mmoja wa karatasi, na mkaguzi apunguziwe kazi. Nilimpelekea mweka hazina pendekezo hili kwa maandishi. Amenishukuru sana, akaniambia alikwisha anza.