Mradi Umetusababishia Furaha

Barua ile niliiandika mimi kwa mkono wangu. Kamati ya mtaa ilinipa kazi ya kuwashukuru wafadhili waliotuchimbia kisima, eti kwa kuwa "mzee huyu Kiingereza anakijua". Sifa mbaya sana hiyo. Nilikesha na kamusi, nikaandika kwamba mradi wao "has caused great happiness" kwa wakazi wote, vijana kwa wazee. Mgeni wao alipokuja akaisoma pale pale mbele yetu, akatabasamu kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi wa mwenyeji wake. Akasema asante. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nikabaki najiuliza ule unywele uko wapi.

Nyumbani nikampa nakala binti yangu, anayesomea ualimu wa Kiingereza chuoni. Aliisoma mara moja tu.

"Baba, umewaandikia kama vile furaha ni kipindupindu."

Nikamfungulia kamusi: "cause" ni kusababisha. Mradi umesababisha furaha. Kosa liko wapi? Akaniambia kosa haliko kwenye maana, liko kwenye marafiki. Kitenzi hicho kinatembea na makundi mabaya: hasara, maumivu, saratani, moto, foleni, vifo. Ukikiita kwenye sherehe, kinakuja na wenzake.

Na si mawazo yake. Kumbe kuna watu wazima waliokaa chini wakahesabu maneno. Pale Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, John Sinclair na wenzake walianza mwaka 1980 kukusanya kwenye kompyuta Kiingereza kama kinavyotumika kweli, mamilioni ya maneno, na mwaka 1987 wakatoa kamusi iliyotokana na rundo hilo. Sinclair ndiye aliyegundua kwamba kitenzi "set in", kuanza na kuota mizizi, karibu kila mara kinaanzisha kitu kibaya: uozo, hofu, kukata tamaa. Mwaka 1993 Bill Louw, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Zimbabwe, akaandika makala kuhusu tabia hiyo ya maneno kupakana rangi na majirani zake. Miaka miwili baadaye Michael Stubbs akakishika "cause" chenyewe, akakuta sehemu kubwa sana ya mifano yake ni balaa tupu. Mwaka 1995! Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakinunua hicho kitenzi kwa bei ya jumla, nakitumia kila mahali, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenionya.

Nilitaka kuwatukana Waingereza, lakini mama watoto, ambaye alikuwa anachambua mchele na kujifanya hasikii, akaingilia. "Kwani wewe, ndoa yetu imesababisha watoto watatu?"

Nikanyamaza. Kweli, hata kwetu kusababisha ni kitenzi cha taarifa ya habari: kimesababisha ajali, kimesababisha vifo, kimesababisha barabara kufungwa. Mvua ikiharibu daraja imesababisha. Ikistawisha mahindi imeleta neema. Mtoto wa shangazi yangu alipofaulu mtihani hakuna aliyesema juhudi zake zimesababisha ufaulu. Kwa hiyo sheria nilikuwa naijua tangu naongea, ila nilipovuka kwenda Kiingereza niliiacha mpakani.

Kilichoniuma zaidi ni kugundua vingine nilivyoviharibu. Kuna "result in" na "result from". Kitenzi kimoja, kinachobadilika ni kineno kidogo cha nyuma, nacho ndicho kinachoamua nani baba na nani mtoto. Mwaka ule wa mafuriko niliandika taarifa kwamba "the flood resulted from the death of many goats". Nilimaanisha mafuriko yameua mbuzi. Nilichoandika ni kwamba mbuzi walikufa, basi mto ukafurika kwa majonzi. Taarifa hiyo ilipigwa muhuri, ikapelekwa mbele, na hakuna aliyeuliza, jambo linalonifanya niamini kwamba taarifa haziwahi kusomwa.

Na "lead to" nacho kimevuka hadi huku. Tangu watu waanze kukitafsiri mguu kwa mguu, kila kitu siku hizi "kimepelekea". Uzembe umepelekea moto, moto umepelekea hasara. Mwalimu wangu wa Kiswahili angekirushia chaki kitenzi hicho. Alikuwa akituambia kupelekea ni kumpelekea mtu kitu, kama mama anavyompelekea mkwe wake maandazi. Moto ulipelekewa nini, na nani?

Lakini vitenzi vilivyonimaliza kabisa ni vile vidogo, vile tulivyofundishwa darasa la tano tukadhani tumevimaliza. Kwetu kazi yote hii inafanywa na kisilabi kimoja kilichokaa kimya mwishoni: cheka, chekesha, rudi, rudisha, kopa, kopesha. Hata kusababisha ni sababu iliyobebeshwa "-sha" mgongoni. Fundi ukimfanyisha kazi, umemfanyisha. Kama ulimlipa, ulimbembeleza au ulimshikia panga, atakayetaka kujua aulize majirani.

Mwingereza anataka ukiri palepale. Ukisema "I made the carpenter fix the door", fundi hakutaka, umemlazimisha. "I had the carpenter fix the door": ni kazi yake, umemwagiza, amefanya, mmeachana kwa amani. "I got the carpenter to fix the door": umepiga simu mara tisa, umenunua soda, umemkumbusha deni la mwaka juzi, ndipo akaja. Na "I let the carpenter fix the door" ni pale fundi mwenyewe anapoomba akutengenezee, nawe ukaona usimnyime. Nilitazama mlango wa choo chetu, ambao una miezi minne umeegemezwa ukutani, nikamwambia binti yangu kwamba fundi wangu mimi hana kitenzi.

Halafu hiyo "to". "Got" inaitaka, "made" na "had" haziitaki. Lakini fundi akitendwa, "he was made to fix it", "to" inarudi kama mpangaji aliyesahau ndoo yake.

Nikiri pia kwamba kisilabi chetu kina ujanja wake. Ukisikia "yule bwana alinikalisha nusu saa", huwezi kujua kama alimpa kiti au alimtesa kwenye foleni, mpaka umwone uso. Sisi tunategemea uso. Kwenye barua uso haupo.

Basi nikasoma. Nikafanya mazoezi. Binti yangu akanifundisha na ile ya juu kabisa: "I had my hair cut", yaani nimenyolewa, kinyozi ndiye aliyeshika mashine. Na muundo huohuo, bila kubadilisha hata nukta, unatumika kwa mtu aliyepatwa na jambo asilolitaka: "I had my bag stolen", nimeibiwa mkoba. Kunyolewa uliagiza, kuibiwa hukuagiza, na sentensi ni mapacha. Nilipouliza msomaji atajuaje tofauti, akanijibu kwamba hakuna mtu anayeagiza kuibiwa. Jibu la mtu ambaye hajawahi kudai bima.

Maana mwezi uliofuata pikipiki yangu iliibiwa nje ya nyumba ya msiba, mimi niko ndani nakula wali. Ilikuwa na bima kubwa. Nikachukua RB polisi, nikaenda kwenye kampuni ya bima, wakanipa fomu ya Kiingereza, nami kwa kujiamini kote nikaandika kwa herufi kubwa: "I HAD MY MOTORCYCLE STOLEN." Kiingereza safi, hakina doa.

Kijana wa dirishani akasoma. Akasoma tena. Akamwita mwenzake, wakasoma wote wawili, kisha akainama kwenye kitundu cha kioo na kuniuliza kwa sauti ya chini, ya heshima:

"Shikamoo mzee. Samahani, hapa ni kama umeandika uliagiza iibiwe?"

Nikamweleza habari za kinyozi. Nikamweleza mapacha. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mwisho akasema, "Mzee, we niambie tu kwa Kiswahili." Nikasema: nimeibiwa pikipiki. Maneno mawili. Akaitikia pole, akanirudishia fomu na kuniomba nimalizie kisanduku kilichobaki chini.

Kisanduku kilikuwa na maneno matatu: "Cause of loss". Nikakiangalia kwa muda. Kwa mara ya kwanza neno lile nililikuta limekaa kwao, limemkumbatia ndugu yake hasara, halina wasiwasi wowote. Nikaomba kalamu, nikaandika: mwizi.