Sidii Isiyo na Kasha

Wingu la Jumamosi ile halikutuvizia. Lilijikusanya juu ya Kimuli kwetu tangu adhuhuri, kila mwenye kahawa uani akaliona. Yetu ilikuwa ya maganda, imetandazwa juu ya maturubai mawili, imebakiza siku chache ipelekwe chama cha msingi. Mimi na baba watoto tulikuwa msibani. Wanetu wawili tuliwaachia agizo moja tu: mvua ikitisha, kunjeni maturubai.

Lakini wiki hiyo hiyo shemeji yangu, dereva wa Fuso, alikuwa amewaletea kutoka Mwanza PlayStation 2 ya mtumba, pedi mbili, na sidii tatu kwenye vimfuko vya nailoni. Watoto wa jirani wakajaa sebuleni, sauti ya runinga ikapandishwa. Mvua ilipopiga bati, hakuna aliyeinua kichwa. Mama mkwe ndiye aliyetoka jikoni akavuta turubai la kwanza peke yake, na kiuno chake kile kinachomsumbua. La pili lililowa lote.

Akaingia sebuleni anachuruzika maji, fimbo mkononi. Wangechapwa, na mambo yangeishia hapo. Ila kwenye runinga kijana mwenye singlendi nyeupe alikuwa anamtoa mwanamke ndani ya gari, anamtwanga ngumi, anaondoka na gari lenyewe.

"Huyo mama amemkosea nini?" aliuliza.

"Hajamkosea, Bibi. CJ anataka gari."

"Na mnaomwendesha huyo CJ ni ninyi?"

"Si mtu wa kweli, Bibi."

"Mbona amepiga kelele?"

Hakuna aliyemjibu. Mdogo alijaribu kumtetea CJ, akasema akila sana hunenepa na inabidi afanye mazoezi. Bibi hakutaka kusikia.

Tuliporudi tulikuta nyumba imegawanyika. Baba watoto alidai hasara ya kahawa na kutaka mashine ipasuliwe. Mama mkwe hakuigusa kahawa hata kwa neno moja. Alimtetea yule mwanamke wa kwenye runinga. Jirani alikuja kumchukua mwanawe akiapa hatarudi tena kwetu. Shemeji, kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu tumsikie wote, akasema, "Shemeji, mbona hata Ulaya na Marekani watoto wanacheza?"

Wanacheza, ni kweli, na huko pia wamegombana sana. Desemba 1993 maseneta wa Marekani, Joseph Lieberman na Herb Kohl, waliwaita watengenezaji wa gemu wajieleze kuhusu Mortal Kombat, ambamo mshindi humng'oa mwenzake kichwa. Mwaka uliofuata watengenezaji wenyewe wakaunda ESRB, chombo cha kuonyesha kila gemu linafaa umri gani. Gemu la CJ, Grand Theft Auto: San Andreas, lilitoka mwaka 2004 na alama ya kuanzia miaka 17. Mwaka 2005 ikagundulika kuwa ndani yake imefichwa sehemu ya mambo ya chumbani. Alama ikapandishwa kuwa ya watu wazima pekee, na Australia ikaliondoa sokoni. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto magemu ya ukatili. Majaji walisema utafiti uliopelekwa mbele yao haukuthibitisha kwamba magemu hayo ndiyo yanayowafanya watoto wawe wakali.

Kwa hiyo sikukubali kwamba wanangu wangeamka kesho yake wakipora bodaboda. Wala sikukubali kwamba ni wagonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lakini kwa kawaida hutaka dalili zionekane kwa miezi 12, na mtu awe ameshindwa kujizuia hata maisha yake yanapoharibika. Jumamosi moja ya utovu wa usikivu ina dawa yake hapa hapa nyumbani: wale wawili walichambua kahawa iliyoota ukungu, punje kwa punje, mpaka ikaisha.

Swali la mama mkwe ndilo lililonikalia moyoni. Ile alama iliyopatikana kwa kelele zote za Marekani huchapwa kwenye kasha. Sidii yetu haikuwa na kasha. Ilikuwa ya kunakili, jina limeandikwa juu yake kwa maka peni, na mtoto wa darasa la tano aliipokea kama anavyopokea pipi. Filamu zetu hupangiwa madaraja ya umri na Bodi ya Filamu. Sidii inayoshuka kwenye Fuso haimpitii yeyote. Mtu wa mwisho anayeweza kuisimamisha ni mzazi mlangoni, na mlangoni petu siku ile hapakuwa na mtu. Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika pedi, ndiye pekee aliyeitazama na kuuliza.

Mashine haikupasuliwa. Sidii ya CJ ilirudi kwa shemeji, ya mpira na ya mbio za magari zikabaki, na huchezwa baada ya kahawa kuanuliwa. Nawe unayemletea mtoto gemu kutoka Mwanza, Bukoba au ng'ambo ya mpaka, liwashe kwanza wewe mwenyewe, ulitazame, ndipo umkabidhi.