Herufi Sita, ya Pili ni A

Wanaofunga uvuvi Ziwa Mweru hawatufikirii sisi wanunuzi. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari nyavu zinawekwa kando, soko la Kashikishi linapoa, na mtu aliyetoka Tanzania kufuata dagaa wa chisense anabaki hapa Nchelenge akikodolea macho ziwa ambalo ng'ambo yake ni Kongo. Wengine hunywa. Mimi hujaza chemshabongo.

Magazeti ya Kiswahili huku yanafika yakiwa yamefungia glasi na sahani kutoka Tunduma, na mwenye duka la vyombo huniwekea kurasa zenye visanduku. Majibu, kama kawaida, yamo katika toleo lijalo. Toleo lijalo limefungia glasi za mtu mwingine, pengine Mansa, pengine Kasama. Ndipo nikaigeukia simu, na simu ikanimalizia bando.

Nilianza na kamusi. Sina ugomvi na kamusi. Ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya mwaka 1981, naiheshimu kama mkwe. Ila kamusi, iwe ya karatasi au ya kwenye simu, inamhudumia mtu anayejua neno linaanzaje. Mimi nina herufi ya pili tu! Ningekuwa na ya kwanza ningeshamaliza nikalala. Halafu mtunzi wa chemshabongo hana huruma: anataka "nyuso", kamusi inakupeleka kwenye "uso", anataka "kupika", kamusi imekificha kitenzi kwenye P.

Wanaocheza kwa Kiingereza wamerahisishiwa. Wana tovuti kama OneLook: weka alama ya kuuliza mahali pa kila herufi usiyoijua, nayo inakumwagia maneno yanayotoshea. Lakini hata tungekuwa na yetu, sijui ingetufikisha wapi. Arthur Wynne, yule mzaliwa wa Liverpool aliyechapisha chemshabongo yake ya kwanza New York tarehe 21 Desemba 1913, alikuwa na lugha ambayo neno huishia popote linapotaka. Sisi karibu kila neno linaishia na irabu, na irabu yenyewe mara nyingi ni A. Una visanduku vinne, cha pili A, cha nne A. Haya, chagua: baba, dada, kaka, mama, saba, sasa, raha, taka. Na papa, ambalo ndilo jina langu kwa akina mama wanaovuka na bidhaa kutoka Kilwa ya Kongo.

Kijana anayetengeneza simu sokoni akaniambia kamusi zimepitwa na wakati, niulize akili mnemba. Nikaandika: chombo cha majini, herufi sita, ya pili A. (Wewe unayepiga kelele "mashua", nimekusikia. Na wewe wa nyuma unayesema "jahazi". Yote mawili yanaingia, ndiyo maana nikatafuta mwamuzi.) Ikanisifu kwanza, eti swali langu ni zuri sana. Kisha ikajibu kwa uhakika wa hakimu: "mtumbwi". Nikahesabu kwa vidole, saba. Nikailalamikia, ikaomba radhi kwa adabu ambayo sijawahi kuipata kwa dalali yeyote wa samaki, ikaleta "ngalawa". Saba tena! Kijana akaitetea: hiyo haisomi herufi mojamoja, inameza maneno vipande vipande. Basi kwa nini isiseme hivyo kabla ya kula bando langu?

Mama mmoja wa Kilwa alikuwa amesimama akitusikiliza, kapu kichwani.

"Papa, si uandike tu bwato?"

"Hizo tano, mama. Visanduku ni sita."

"Kimoja kibakie wazi. Kitaumiza nani?"

Kijana akaruka. "Ubwato, bamudala! Kibemba! Sita kamili!" Akanihesabia kwa sauti, na kweli zilikuwa sita. Nikamwonyesha kwamba ya pili lazima iwe A, imetoka kwenye "sabuni" inayoshuka wima, namba tatu. Akaitazama sabuni yangu kwa muda, kama simu iliyoingia maji.

"Basi hiyo sabuni ndiyo mbovu," akasema, akachukua kalamu sikioni mwangu na kuandika UBWATO juu yake. Kwa wino.

Sasa namba tatu wima inasomeka "sbbuni", mama wa Kilwa anapiga makofi, na kijana ananiuliza kama kuna zawadi na itumwe kwa namba gani ya simu.