Bandama la Mtihani

Mtihani wa vitendo ukikaribia, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, awe hospitali ya Bugando au ya Muhimbili, hatafuti tena mgonjwa, anatafuta bandama. Likiwa limevimba kwa kichocho cha tumbo hadi kitovuni, makoti meupe hulipangia foleni, na mwenye bandama, mchuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, hubaki “kitanda namba sita”. Tutaambiwa haki yataka watahiniwa wote wapimwe kwa kipimo kimoja, ndiyo maana mkufunzi wa udaktari Ronald Harden alieleza mtihani wake wa vituo, kila kituo na muda wake, kule Dundee, Uskoti, 1975. Sawa. Ila kengele ya kituo nayo hufundisha: mtahiniwa husalimia kwa kuwa salamu ina alama. Mchuuzi akianza kujibu, tena kwa Kisukuma, muda umekwisha.